Joto la Safu ya Saba

Ilipotimu saa saba mchana, Inspekta aliyeitwa Jongoo alikuwa ameshapoteza asubuhi nzima, na alilijua hilo bila kuambiwa. Sajenti wake alirudi kutoka kituo cha mabasi akiwa na vumbi hadi kwenye kope, na habari aliyoleta haikujaza kiganja. Hakuna dereva, mkata tiketi wala muuza maji aliyemwona mtu wanayemtafuta.

"Afande, kama kapanda basi, basi lenyewe la mizimu," Sajenti alisema, akajibwaga kwenye benchi la kibanda cha walinzi.

Jongoo hakucheka. Jina hilo alipewa chuoni kwa sababu ya mwendo wake, na kwa miaka ishirini halikuwahi kumuudhi. Mwenda pole hajikwai, ndivyo alivyokuwa akiwajibu. Leo mwendo ule ulimkera mwenyewe. Kuna mtu hajaonekana tangu jana jioni, na kila mlango waliougonga ulikuwa mlango wa chumba kitupu.

Aliyepotea alikuwa Mpima wa kiwanda kile, mtu aliyelipwa kutembea na kipimajoto kirefu kama mkuki na kuyachoma nacho marobota ya mabua yaliyojaa uwanjani. Kiwanda chenyewe kiligeuza mabua ya mahindi na makapi ya miwa kuwa mafuta ya magari. Ushahidi dhidi ya Mpima ulipangika vizuri mno. Nyapara, msimamizi wa uwanja, aliapa kwamba alimwona kwa macho yake, saa kumi na mbili jioni, akitokea lango la nyuma na mfuko begani. Kibati chake cha namba kilikuwa kwenye ubao wa langoni, maana yake ameshatoka. Simu yake haikuwamo kwenye sanduku la mlinzi, ambamo kila mfanyakazi huacha simu kabla ya kuingia uwanjani, na kila ilipopigwa ilikuwa imezimwa. Juu ya yote, chupa moja ya mate ilikuwa imetoweka kwenye jokofu la maabara.

Mate ndilo jina ambalo wafanyakazi waliyapa maji ya vimeng'enya, dawa ya kumega mabua yatoe sukari. Chupa moja ingekifaa sana kiwanda chochote shindani. Kwa hiyo hadithi ilijisimulia: Mpima kaiba mate, katoroka. Jongoo hakuipenda. Hadithi inayojisimulia yenyewe huwa kuna mtu aliyeifundisha kusema.

Mke wa Mpima alikuwa amekaa pembeni ya kibanda tangu alfajiri, jozi ya viatu mapajani. Alikuwa fundi cherehani, na vidole vyake vilikuwa vikipapasa mshono wa kiatu bila mwenyewe kujua.

"Umevipata wapi hivyo, dada?" Jongoo aliuliza.

"Kwenye kabati lake la nguo, kule ndani. Mlinzi alinisindikiza." Aliviinua amwonyeshe. "Viatu vyake vya kutembelea. Hana vingine. Soksi hizo humo ndani, nimezifua juzi kwa mikono yangu. Sasa niambie, kaka yangu, mtu anayetoroka mji anatoroka na mabuti ya kazini, yale mazito, yenye chuma puani?"

Jongoo alivipokea. Soksi zilikuwa zimekunjwa vizuri, moja ndani ya nyingine.

"Nyapara anasema alikuwa na haraka."

"Nyapara ni shemeji yangu, ndiye aliyesimama na mume wangu siku ya ndoa. Simgombezi. Asubuhi kaniletea chai, kanitafutia kiti, kaniambia, 'Shemeji, nenda nyumbani ukapumzike, ikifika saa kumi na moja jioni utapata habari njema.' Nimeshindwa kwenda. Nikienda nyumbani nitafanya nini? Nitaangalia mlango?"

Sajenti aliinuka, akamshika bega.

"Alisema saa kumi na moja?" Jongoo aliuliza. "Hakusema jioni tu?"

"Saa kumi na moja. Mara mbili."

Mtu anayefariji husema kesho, husema Mungu yupo, husema atarudi tu. Jongoo hakumjua mfariji anayetoa ahadi kwa saa. Alimrudishia mama yule viatu kwa mikono miwili, akamwambia Sajenti amfuate.

Maabara ilinuka siki na majani yaliyochemshwa. Mkemia, mwanamke mwembamba ambaye macho yake yalionyesha kwamba hajalala siku tatu, alikuwa anapima sukari kwenye uji wa kahawia bila kuinua kichwa.

"Saa kumi na moja kuna nini hapa, dada?"

"Kuna kufa au kupona." Aliweka chupa chini. "Tuko kwenye jaribio. Saa sabini na mbili mfululizo bila mtambo kusimama hata dakika. Tulishindwa mara mbili, ya kwanza saa ya arobaini, ya pili saa ya sitini na moja. Hii ni ya tatu na ya mwisho. Wale wageni watatu wenye kofia nyeupe wanaozunguka na meneja ndio mahakimu. Tukifika saa kumi na moja, kiwanda kinaishi. Tukisimama kabla, wenye kiwanda wanafunga lango, na watu mia tatu tunarudi nyumbani kuhesabu boriti za dari."

"Na Mpima anaingia wapi katika hayo?"

Mkemia alichomoa daftari rafuni. "Anaingia mwanzo kabisa. Bua, Inspekta, ni sukari iliyofungiwa ndani. Mashine tunayoiita Mlafi inalikatakata, mvuke na tindikali vinalilegeza, mate yanalimega, sukari inatoka, hamira inaila na kutupatia spiriti. Lakini mvua ikinyeshea marobota, vijidudu vinaanza kuila ile sukari kabla yetu. Na vikila, vinatoa joto. Mpaka nyuzi arobaini tunavumilia. Hamsini, safu inafunguliwa na marobota yanatawanywa. Ikifika sabini na kitu, haitaki kiberiti. Inajiwasha."

Jongoo alifungua daftari. Safu kumi na mbili, asubuhi na jioni, kila nambari kwenye chumba chake. Alisoma taratibu, kidole kikitambaa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wa juzi. Tangu hapo kila safu ilipanda. Ya tano kutoka thelathini na nane mpaka arobaini na moja. Ya sita arobaini na tatu. Safu ya saba ndiyo iliyokuwa imepanda kuliko zote: jana asubuhi hamsini na nane, imepigiwa mstari mara mbili kwa kalamu iliyokaribia kutoboa karatasi. Halafu jana jioni, arobaini na nne. Leo asubuhi, arobaini na nne tena.

"Joto linaweza kushuka hivi? Nyuzi kumi na nne kwa mchana mmoja?"

"Haiwezekani." Mkemia aliinama, akakodoa macho. "Siku hizi silifungui daftari hili, Nyapara mwenyewe ananiletea muhtasari... Haiwezekani. Labda wameifungua safu. Lakini hapana. Ukifungua safu yenye joto upepo unaingia, inaweza kulipuka moto, kwa hiyo kwanza unakata umeme wa uwanja mzima na kuweka mipira ya maji tayari. Mlafi angesimama. Na Mlafi hajasimama tangu tulipoanza."

"Angalia mwandiko," Jongoo alisema.

Wote watatu waliinamia karatasi. Jana jioni, safu ya kwanza mpaka ya sita zilikuwa na tarakimu nyembamba, zilizoegemea kushoto. Kuanzia ya saba mpaka ya kumi na mbili, tarakimu zilikuwa nene na zimesimama wima.

"Kipimo cha jioni kinachukuliwa saa ngapi?"

"Saa kumi. Anaanza safu ya kwanza, anakwenda mpaka mwisho."

"Na daftari analibeba?"

"Analiacha nje. Katikati ya kila safu kuna kichochoro cha kupitisha upepo, chembamba, mtu anaingia ubavu ubavu. Hana nafasi ya kukunja mkono. Anaingia, anapima, anatoka, anaandika, anaingia kingine."

"Basi saa kumi na kitu jana alitoka safu ya sita akaandika," Jongoo alisema, "na hakuandika tena." Alilifunga daftari. "Dada, kuna njia yoyote ya kuipoza safu bila kuifungua?"

Mkemia alilirudisha daftari rafuni.

"Watu wa uwanjani wana ujanja wao wa zamani. Wanauita kuziba pua. Wanasukumiza marobota kwenye midomo ya kichochoro, mbele na nyuma, safu ikose pumzi. Joto halishuki, linachelewa tu, siku moja au mbili. Tumepiga marufuku."

"Na kama kuna mtu ndani?"

"Hawezi kuwa ndani. Kuna vibati. Kila anayeingia kichochoroni anatundika kibati chake kwenye msumari wa nje. Ukikiona kibati, huruhusiwi kusogeza hata..." Aligeukia mlango. "Kibati chake kiko langoni."

"Kiko langoni," Jongoo alisema, "na viatu vyake viko mapajani mwa mkewe."

Sajenti alikuwa amefanya kazi na mtu huyu miaka minne. Siku hiyo ndiyo aliyomwona akikimbia kwa mara ya kwanza.

Uwanjani jua lilikuwa linachoma na kelele za Mlafi zilitetemesha meno. Mashine ile ilikuwa na mdomo upana wa mlango wa gereji, na Mama Mlafi, mwanamke wa makamo mwenye mikono ya mtwanga nafaka, alisimama juu ya jukwaa lake akiilisha robota baada ya robota. Mashine mbili za kunyanyulia zilikwenda na kurudi. Zilikuwa zinatoa marobota ya safu ya nane. Safu ya saba, ambayo zamu yake ilikuwa imeshafika, ilikuwa imerukwa.

Nyapara alikuja kuwalaki, jitu la futi sita, kitambaa kichafu mkononi. Alikuwa anatoka jasho kuliko jua lilivyodai.

"Mmempata?"

"Tuko karibu," Jongoo alisema. "Hizi tarakimu za safu ya saba jana jioni, kaandika nani?"

"Mimi. Alisema kachoka, nikamsaidia."

"Ulipima mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Kwa kipimajoto kipi?"

"Chake. Kimoja tu hicho."

"Kiko wapi?"

Nyapara alikunjua kitambaa chake. Akajifuta shingo.

"Atakuwa kaondoka nacho."

"Mtu ana mfuko begani, anatoroka na mkuki wa chuma wa mita mbili, na wewe unamtazama tu anatoka langoni. Hukushangaa?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Nyapara ilikuwa imefika ukutani. Jongoo aliusogelea mdomo wa kichochoro cha safu ya saba. Haukuwapo. Palikuwa na marobota matatu, moja juu ya jingine, yamebanwa kwa nguvu, na kamba zake zilikuwa za buluu wakati safu nzima ilifungwa kwa kamba nyeupe. Alinyoosha kiganja. Joto lilimfikia kabla hajagusa.

"Mbona safu hii imerukwa?"

"Ina unyevu."

"Mke wake umemwahidi habari saa kumi na moja. Habari gani hiyo?"

Mlafi alimeza robota jingine.

"Mzee," Jongoo alisema, sauti imeshuka, "sina haja ya maneno marefu. Yumo au hayumo?"

Nyapara alikitupa kitambaa chini.

"Sikukiona kibati," alisema. "Wallahi sikukiona. Nilikuwa nimebeba robota mbele, mtu haoni kitu. Nilitaka safu ikose pumzi kidogo, ivuke leo tu. Nikaziba nyuma, nikazunguka, nikaziba mbele. Niliposhuka kwenye mashine ndipo nikakiona kinaning'inia."

"Ukafanya nini?"

"Niliita."

"Akajibu?"

Nyapara aliangalia chini.

"Nakuuliza, alijibu?"

"Aliitika. Akasema, 'Toa, kuna moto huku.'" Machozi yalimwagika, naye hakuyafuta. "Kumtoa ni kukata umeme. Tulikuwa saa ya arobaini na nane, Inspekta. Nina watu mia tatu mgongoni. Nikasema atapumua, marobota yanapumua kidogo, ni mzima yule, atavumilia. Saa kumi na moja na dakika moja ningemtoa mimi mwenyewe, anipige, anifunge. Kibati nilikirudisha langoni mimi. Simu na ile chupa ziko chini ya kiti cha mashine."

Sajenti alikuwa ameshamtia pingu kabla hajamaliza. Jongoo aligeuka.

"Meneja yuko wapi?"

"Yuko na wageni kwenye chumba cha mitambo," Mkemia alisema. "Huko hakusikiki simu. Kwenda na kurudi, kueleza, kukubaliwa, ni nusu saa."

Jongoo alipanda jukwaa la Mama Mlafi, ngazi mbili mbili. Pembeni mwake palikuwa na kitufe chekundu kikubwa kama sahani ya chai. Kila mfanyakazi aliruhusiwa kukibonyeza na hakuna aliyewahi kuthubutu.

"Mama, zima!"

"Nizime?" Alimtazama kama mwendawazimu. "Mwanangu, zimebaki saa tatu! Nina wajukuu wanne wanakula kwa mdomo wa mashine hii!"

"Mpima kazibwa humo, safu ya saba. Tangu jana."

Mkono wa Mama Mlafi ulikwama kwenye usukani.

"Yuko hai?"

"Sijui."

"Huna hakika?"

"Sina."

Alimwangalia Nyapara chini, amepigwa pingu, kichwa kimeinama. Akaliangalia robota lililokuwa linaingia mdomoni. "Ee Mungu, tusamehe," alisema, akakipiga kitufe kwa ngumi.

Ukimya ulioshuka uwanjani ulikuwa na uzito. Mlafi alizunguka mara kadhaa kwa mazoea, akatulia. Watu walitoka kila mlango, wengine wamebeba koleo, wengine ndoo za kupimia, wakiuliza kwa macho. Mkemia alipiga kelele mipira ya maji iletwe. Mashine za kunyanyulia zilikuwa zimezimwa na hakuna aliyediriki kuziwasha karibu na joto lile, kwa hiyo marobota yalivutwa kwa mikono, watu sita kwa kila moja, kucha zikikatika kwenye kamba. Hakuna aliyeuliza jaribio limekuwaje. Wote walijua.

Robota la kwanza lilipodondoka, hewa iliyotoka ilikuwa nzito, inanuka mkate uliooza. La pili lilipotoka moshi ulijitokeza, mwembamba, na maji yakamwagwa. Mke wa Mpima alikuwa amefika. Hakuna aliyemwita wala aliyethubutu kumfukuza. Jongoo alivua koti, akajifunga kitambaa chenye maji usoni, akaingia ubavu ubavu.

Ndani palikuwa giza na joto la tanuri. Alisogea hatua nne, tano, akipapasa kwa mguu. Hatua ya saba buti lake liligonga buti jingine. Mpima alikuwa amelala kifudifudi, uso chini kabisa ardhini, pale palipokuwa na upepo wa kuhesabu, kipimajoto amekichomeka kwenye robota lililoziba upande wa nyuma na kukizungusha mpaka kikatoboa tundu la ukubwa wa sarafu. Midomo yake ilikuwa kwenye tundu hilo. Jongoo alimshika shingo na kusubiri. Alisubiri muda ambao baadaye hakuweza kuukadiria. Kisha mshipa ukapiga, dhaifu, kama mtu anayebisha hodi na kuona haya.

"Yu hai!" alipiga kelele, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza, kwa maana alikuwa analia.

Walimtoa kwa kumvuta miguu. Walimlaza kivulini, wakamwagia maji kifua na kichwa, mkewe akamshika uso kwa viganja viwili akirudia neno moja tu, "mume wangu, mume wangu." Gari la hospitali lilikuwa limeshaitwa. Ngozi ya mikono ya Mpima ilikuwa imeiva, midomo imepasuka. Baada ya muda mrefu alifumbua macho, akamwona mkewe, akawaona wenzake wamemzunguka. Halafu macho yakaenda juu ya vichwa vyao, kwenye mashine.

"Mbona kimya?" aliuliza kwa sauti ya karatasi. "Mmemzima Mlafi?"

Mkewe alimpangusa paji la uso.

"Saa... zilibaki ngapi?"

"Tatu," Mama Mlafi alisema.

Mpima alifumba macho. Machozi yalimtoka kwenye pembe za macho, yakatengeneza mifereji kwenye vumbi.

"Mngeniacha," alisema. "Saa tatu. Ningevumilia."

Mkewe alimziba mdomo kwa kiganja, akaangua kilio. Watu mia tatu walisimama pale uwanjani na hapakuwa na mmoja aliyemtazama mwenzake. Kule mlangoni, meneja na wageni wake wenye kofia nyeupe walikuwa wametoka. Mmoja wao alitazama saa mkononi, akaandika kitu.

Nyapara alikuwa amesimama kando ya Sajenti. Alikuwa ameyasikia yote. Aliinua kichwa kwa mara ya kwanza, na usoni mwake palikuwa na kitu kinachofanana na nafuu.

"Umesikia, Inspekta?" alisema. "Umemsikia mwenyewe? Hata yeye angekubali."

Jongoo alikuwa anavaa koti lake, nywele zimejaa makapi. Alikifunga kifungo cha kwanza, akakosea tundu, akakifungua tena.

"Alikuitikia," alisema. "Ungemuuliza."

Akamwambia Sajenti ampeleke garini.